Kugawana vifaa vya kichawi kikosini: nani achukue nini, na kwa utaratibu gani

Kwenye mchezo wa kuigiza wa mezani, ugomvi wa vifaa vya kichawi hauanzi siku sanduku la hazina linapofunguliwa. Huanza wiki tatu baadaye, mchezaji anapoona kwamba mwenzake ana vitu vinne kwenye karatasi ya mhusika wake, na yeye ana kimoja ambacho wala hakitumii. Siku ile ya sanduku alinyamaza tu, hakutaka kuonekana mroho. Kwa hiyo kazi ya kugawana ni ya utaratibu zaidi kuliko ya ukarimu, na utaratibu unatungwa kabla ya kitu chochote kupatikana.

Tunayoeleza hapa ni ya Dungeons & Dragons, mchezo ambamo kila mchezaji humwongoza mhusika mmoja na mwendesha mchezo husimamia hadithi na maadui. Ni toleo la tano, kwa kanuni za 2014 na zile zilizorekebishwa 2024. Zinapotofautiana kwa jambo linalogusa mgao, tutasema.

Kinachogombewa ni nafasi

Vifaa vingi vyenye nguvu havimfanyii mtu kazi mpaka afungamane navyo. Mhusika hukaa na kifaa kwa pumziko fupi zima, yaani saa 1 isiyopungua, akikishika na kukizingatia hicho tu. Pumziko moja, kifaa kimoja. Na hilo pumziko haliwezi kuwa lilelile alilotumia kukichunguza ili ajue kinafanya nini.

Kila mhusika ana nafasi 3 za kufungamana, basi. Mwenye kiwango (ngazi ya ukuaji wa mhusika) cha 1 ana tatu, na mwenye kiwango cha 20 ana tatu vilevile. Wachache huongezewa: fundi wa uchawi hufikia vinne akiwa kiwango cha 10, vitano cha 14, sita cha 18. Wengine karibu wote hubaki na tatu zao. Kikosi cha watu wanne, basi, kina nafasi 12, na hizo 12 ndizo mali halisi mnayogawana. Pete ya kinga ikikaa kwenye mkoba wa mtu aliyekwisha kujaza nafasi zake ni pambo tu, hata kama ameiandika kwa wino mwekundu.

Mfungamano huvunjika kwa njia tano: mwenyewe akitumia pumziko fupi jingine kuuvunja, kifaa kikikaa mbali naye zaidi ya futi 100 kwa saa 24, mtu mwingine akifungamana nacho, mwenyewe akikosa sifa inayotakiwa, au akifa. Zikumbukeni, maana baadhi yake zitarudi huko mbele.

Vipo pia vifaa visivyohitaji mfungamano: silaha ya nyongeza 1, ngao ya nyongeza 1, miwani ya usiku, mfuko usiojaa, kifimbo cha mishale ya kichawi. Hivi ndivyo vya kuazimana, kwa sababu vinahama mkono hadi mkono bila kupoteza saa nzima. Kosa tunaloliona mara kwa mara ni kikosi kuvitia vyote kwenye chungu kimoja na kuvihesabu sawa: "wewe umepata viwili, mimi viwili, tuko sawa." Hamko sawa kama viwili vyako vimekula nafasi mbili na vyangu havikula hata moja.

Maneno matatu kabla ya mchezo kuanza

Kwenye kikao cha kwanza, kile cha kutengeneza wahusika, kubalianeni mambo matatu na myaandike.

La kwanza, kifaa kinapopatikana ni mali ya nani? Jibu linalofanya kazi ni kwamba ni cha kikosi mpaka kigawiwe, hata kama ni mmoja tu aliyekiokota. Bila hili, mnyemeleaji mwenye vidole vyepesi atakuwa anajaza mfuko wake wakati wenzake wanafunga majeraha, na atajitetea kwamba "mhusika wangu ndivyo alivyo." Awe hivyo kwa maadui.

La pili, fedha zinagawanywaje? Ongezeni fungu moja la mfuko wa kikosi. Wachezaji wanne wakipata vipande 1,200 vya dhahabu, gawanyeni kwa tano: 240 kila mtu na 240 za mfuko. Mfuko hununua dawa za kuponya (vipande 50 kila moja) na ile almasi ya vipande 300 ambayo tamko la kichawi la kumrudisha aliyekufa ndani ya dakika moja huiteketeza. Mkingoja mtu afe ndipo mchange, mtachanga mbele ya maiti, na mtu mmoja atakuwa amekwisha nunua farasi.

La tatu, mkishindwa kukubaliana, nini kinaamua? Njia zenyewe tutazieleza baadaye kidogo. Muhimu hapa ni kwamba ijulikane mapema, wakati hakuna anayejua itamnufaisha nani.

Siku ya mgao

Msigawane katikati ya shimo isipokuwa kwa kile mnachokihitaji chumba kinachofuata. Wekeni vyote mfukoni mwa kikosi na mgawane mkiwa kambini au mjini, ikiwezekana mwishoni mwa kikao, dakika 15 za mwisho. Ndani ya hadithi pia inafaa, kwa sababu mnahitaji muda wa kuvitambua.

Kutambua: tamko la utambuzi huchukua dakika 1, au dakika 11 likifanywa kama ibada bila kutumia nguvu ya siku. Mchawi anatakiwa kuwa na lulu ya vipande 100. Haiteketei, hivyo inunuliwe mara moja kwa fedha za mfuko. Mkiwa na vitu vitano, ibada ni dakika 55, karibu sawasawa na pumziko fupi moja. Asiyekuwa na tamko hilo akae na kifaa kimoja kwa pumziko fupi na atakijua. Dawa inatosha kuionja kidogo kwa ncha ya ulimi.

Kisha kila kifaa kipitishwe kwenye swali moja: kikiwa kwa fulani, namba zake zinabadilika kwa kiasi gani? Si nani anakitaka, wala si kinapendeza kwa nani. Tuchukue mfano mzima.

Kikosi cha kiwango cha 5. Mpiganaji mwenye Nguvu 18, mwenye upanga na ngao. Kasisi mwenye Nguvu 14 anayependa kusimama mbele na rungu. Mnyemeleaji binadamu mwenye upinde mfupi. Mchawi ambaye ni elf (kiumbe wa ngano anayefanana na binadamu), mwembamba, anayeshikilia tamko moja la umakini, yaani linalodumu tu akiendelea kulizingatia, kila pambano. Wamepata glavu za nguvu za jitu, joho la kinga, kifimbo cha mishale ya kichawi, miwani ya usiku, dawa nne za kuponya, na gombo la tamko la mpira wa moto.

Glavu huifanya Nguvu ya mvaaji kuwa 19. Meza nzima itageuka kumtazama mpiganaji, na mpiganaji atakuwa amekwisha nyosha mkono. Sasa fungueni karatasi yake. Nguvu 18 inampa nyongeza ya 4 kwenye kulenga na kwenye madhara. Nguvu 19 inampa nyongeza ya 4. Ametumia nafasi moja kati ya tatu na hakuna namba hata moja iliyosogea. Tena akifika kiwango cha 6 anaweza kujipandishia Nguvu mpaka 20 mwenyewe, na hapo glavu hazimgusi kabisa. Kwa kasisi, Nguvu inatoka 14 hadi 19: nyongeza inapanda kutoka 2 hadi 4, kwa hiyo rungu lake linapata 2 zaidi kwenye kulenga na 2 zaidi kwenye madhara, kila pigo, siku zote. Na kama imani yake inamruhusu kuvaa deraya nzito, ile deraya kamili ya vipande 1,500 inadai Nguvu 15, la sivyo mwendo unapungua futi 10. Glavu zimemlipia hilo pia. Glavu ni za kasisi. Mpiganaji aoneshwe hesabu, asiambiwe tu.

Joho la kinga linaongeza 1 kwenye Kinga (namba ambayo adui lazima aifikie ili apige) na 1 kwenye majaribio yote ya kujinusuru (dadu za kukwepa au kustahimili balaa), nalo linataka nafasi. Kila mtu analitaka, kwa sababu halina asiyemfaa. Kwa kitu cha namna hii ulizeni: nani akishindwa jaribio moja sote tunaumia? Mchawi akipigwa wakati anashikilia tamko, hurusha dadu dhidi ya 10 au nusu ya madhara aliyopata, iliyo kubwa kati ya hizo, na joho linaingia kwenye jaribio hilo. Akishindwa, wavu wake wa kichawi unayeyuka na maadui sita wanatoka. Joho ni la mchawi. Kama si yeye, ni la kasisi kwa sababu ileile, lakini kasisi amekwisha pata.

Kifimbo kina chaji 7, hakihitaji mfungamano, na kinaweza kutumiwa na yeyote. Hapa ndipo vikosi vingi hukosea kwa kumpa mchawi eti kwa sababu ni fimbo. Mchawi ana mambo mengine ya kufanya na zamu yake. Mnyemeleaji je? Shambulio lake la kuvizia kwa kiwango hiki ni dadu 3 za pande 6, ongeza dadu moja ya upinde na nyongeza ya 4: wastani wa 18. Hata akikosa mara moja katika tatu anabaki na 12 kwa zamu. Kifimbo kwa chaji moja kinatoa mishale mitatu isiyokosa, kila mmoja dadu ya pande 4 na 1: wastani wa 10.5. Kwake ni hasara. Mtazameni mpiganaji: adui akiruka juu futi 100, upanga wake haufiki, mikuki yake ya kurusha inaishia futi 120 kwa shida na kwa kulenga vibaya, na zamu inapotea. Kifimbo kinafika futi 120 bila kukosa. Kifaa cha chaji kimpendeze yule ambaye zamu zake hupotea mara nyingi, hata kama hafanani nacho. Ila akumbuke kwamba kifimbo lazima kiwe mkononi. Mwenye upanga na ngao atalazimika kurudisha upanga alani kwanza.

Miwani ya usiku humpa mvaaji uwezo wa kuona gizani futi 60. Elf wanao tayari, binadamu hana. Mnyemeleaji binadamu ndiye anayetangulia peke yake kwenye giza, na mpaka leo alikuwa akienda kuvizia huku amebeba taa. Hapa hakuna cha kujadili.

Hesabu ya mwisho: kila mmoja ana kifaa kimoja cha kudumu, lakini kasisi na mchawi wametumia nafasi moja moja, mpiganaji na mnyemeleaji hawajatumia. Andikeni hilo. Kifaa kijacho cha kufungamana kikiwafaa watu wawili sawasawa, mpiganaji au mnyemeleaji yuko mbele ya foleni.

Wawili wakilingana

Ikitokea namba zinasogea sawa kwa watu wawili, ndipo njia za kuamua zinapohitajika. Ziko kadhaa, na hazina uzito mmoja.

Mwenye vichache apewe. Kanuni za misimu ya mwanzo ya Adventurers League, ligi rasmi ya mchezo huu, zilikuwa hivi: wakigombea wawili, anapata mwenye vifaa vya kudumu vichache zaidi, na wakilingana bahati inaamua. Ni rahisi, haina maneno, na inafaa hata kwa watu wasiofahamiana. Udhaifu wake ni kwamba mtu anaweza kukataa vitu vidogo ili aendelee kuwa na vichache akivizia kikubwa. Mkiona hivyo, hesabuni nafasi zilizotumika badala ya idadi ya vitu.

Duru. Wengi wanaifanya kama upatu: wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, kisha tena wa kwanza. Kwenye upatu kila mtu hupokea kiasi kilekile. Kwenye sanduku la hazina sivyo. Wa kwanza atachagua kilicho bora kila raundi na wa nne atakula makombo daima. Geuzeni duru kila ikifika mwisho: 1, 2, 3, 4, kisha 4, 3, 2, 1. Wa mwisho anachagua viwili mfululizo na hapo anasawazika. Na pale mlipoishia leo ndipo mtakapoanzia sanduku lijalo, msianze upya.

Kufidiana kwa fedha. Anayechukua hulipa mfuko wa kikosi nusu ya bei. Kwa kanuni za 2024 bei ni vipande 100 kwa kifaa cha kawaida, 400 kwa kisicho cha kawaida, 4,000 kwa adimu, 40,000 kwa adimu sana na 200,000 kwa cha kihekaya. Vya kutumika mara moja ni nusu yake, magombo yana hesabu zake. (Zile za 2014 zilitoa ngazi pana tu: kifaa adimu, mfano, kutoka 501 hadi 5,000, jambo ambalo ni mwanzo mzuri wa mabishano.) Njia hii inafaa pale tu fedha zina kazi katika dunia yenu. Kama hakuna cha kununua, mtakuwa mnaandika madeni ambayo hayamuumi mtu.

Dadu tupu, kila mtu arushe pande 20 na mkubwa achukue, iwe ya mwisho kabisa. Ni ya haki lakini ni kipofu: itampa mpiganaji zile glavu.

Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari, na hii si kwa wenye maduka peke yao. Mchezaji mmoja awe mtunza mali, na asiwe mwendesha mchezo, kwani yeye ana maadui wa kutunza. Jedwali la pamoja mtandaoni linatosha, au ukurasa mmoja wa daftari la mistari. Kila kifaa kiwe na mstari wenye jina, kilikopatikana, kinahitaji mfungamano au la, nani anacho, ni chake au ameazima, na chaji zilizobaki. Kwa mfano:

Kifimbo cha mishale / pango la mto / hakifungamani / mpiganaji / mali ya kikosi / chaji 4 kati ya 7.

Neno "mali ya kikosi" au "ameazima" ndilo lenye kazi kubwa kwenye mstari huo. Miezi minne baadaye hakuna atakayekumbuka kama joho lilitolewa moja kwa moja au "shika kwanza." Na chaji ziandikwe papo hapo zinapotumika, kifimbo hurudisha dadu 1 ya pande 6 na 1 kila alfajiri, lakini mkisahau mlikuwa na ngapi, alfajiri haiwasaidii. Kingine: ukitumia chaji ya mwisho, unarusha dadu ya pande 20, na ikiwa 1 kifimbo kinageuka majivu. Kikosi chenye akili huacha chaji moja ndani, na anayetaka kuitumia hiyo ya mwisho huuliza kwanza.

Kuazimana

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na kwa vifaa vya kufungamana ni kweli tupu. Ukimpa mwenzako joho lako asubuhi, halimsaidii mpaka akae nalo saa moja. Na mara tu atakapofungamana nalo, mfungamano wako umekufa. Kulirudisha ni saa nyingine. Kwa safari moja ya kwenda na kurudi mmetumia mapumziko mawili kati ya yale machache mnayopata kwa siku. Kwa hiyo msiazimane vifaa vya kufungamana kwa pambano moja. Azimaneni kwa safari nzima, mfano wiki ya baharini, na ndipo inapolipa.

Kwa kuwa mfungamano wa zamani unajivunja wenyewe mwenzako akimaliza saa yake, wewe huna haja ya kutumia pumziko lako kuuvunja. Swali linaloleta ubishi ni hili: nawe unaweza kutumia saa ileile kufungamana na kifaa kingine, wakati nafasi zako zote tatu zimejaa na moja ndiyo kwanza inaondoka? Mwulizeni mwendesha mchezo kabla, si siku mmezingirwa. Njia isiyo na ubishi ni mapumziko mawili.

Vya kutofungamana viazimwe kwa uhuru, ila tazameni muda wa kuvaa. Ngao huvaliwa kwa kitendo kimoja cha zamu. Deraya nyepesi ni dakika 1, ya kati dakika 5, nzito dakika 10 kuivaa na 5 kuivua, kwa hiyo hakuna kubadilishana deraya pambano likiwa mlangoni. Na hamvai vya aina moja kwa pamoja: majoho mawili hapana, viatu jozi mbili hapana, kofia mbili hapana.

Mfuko usiojaa unastahili neno lake. Huingia ratili 500, na kila anayetoa kitu humo hutumia kitendo kizima. Dawa za kuponya zisiwemo, ziwe kiunoni. Mbebaji asiwe mnyemeleaji anayetangulia mbali wala yule wa mbele anayemezwa na majoka, kwa sababu mfuko ukichanika, vyote vilivyomo vinatawanyika kwenye Ulimwengu wa Nyota. Mara nyingi mchawi au kasisi wa nyuma ndiye anayefaa. Na kamwe mfuko huo usitiwe ndani ya kitu kingine cha namna yake: vyote viwili vinaangamia, mlango unafunguka na waliosimama karibu wananyonywa.

Vilivyolaaniwa

Utambuzi hauoneshi laana, mara nyingi. Laana hujitokeza mtu akiwa amekwisha fungamana, na baadhi ya vifaa haviachii. Shoka la wendawazimu ni mfano: linakupa nguvu vizuri tu, mpaka adui akujeruhi, hapo unajaribu kujinusuru dhidi ya 15 kwa Hekima, na ukishindwa unamshambulia aliye karibu nawe, awe nani. Tena hutaki kuliacha.

Kwa hiyo kifaa kipya chenye asili ya mashaka kijaribiwe na mmoja, wengine wakiwa macho, mahali pasipo na hatari. Asiwe kasisi mwenye tamko la kuondoa laana. Tamko hilo huvunja mfungamano ili kifaa kitupwe (laana yenyewe inabaki ndani ya kifaa), na hamtaki aliye nalo awe ndiye aliyeshikwa. Na kasisi alale akiwa ameliandaa tamko hilo siku ya jaribio, jambo ambalo husahaulika zaidi kuliko mnavyodhani.

Dawa na magombo

Dawa nne, watu wanne: moja moja. Msimlundikie kasisi. Dawa ya kawaida hurudisha dadu 2 za pande 4 na 2, wastani wa 7, na kazi yake kubwa ni kumwamsha aliyeanguka. Aliyeanguka hawezi kunywa, na kama aliyeanguka ni kasisi mwenye dawa zote nne, mtakuwa mnapekua nguo zake wakati majambazi wanapekua nyinyi. Kwa kanuni za 2014 kunywa au kumnywesha mtu hula kitendo kizima. Kwa za 2024 ni kitendo cha ziada tu, hivyo mpiganaji anaweza kumnywesha mwenzake aliye ndani ya futi 5 na bado apige. Meza yenu inafuata zipi? Jibu linabadilisha nani abebe mbili.

Gombo la mpira wa moto lina njia mbili. Mchawi analisoma pambanoni mara moja, likaisha. Au analinakili kitabuni: tamko la daraja la 3 ni saa 6 na vipande 150 vya dhahabu, pamoja na jaribio la Elimu ya Uchawi dhidi ya 13. Afaulu, ashindwe, gombo linateketea. Akifaulu, kikosi kina mpira wa moto kila siku mpaka mwisho wa mchezo, ndiyo maana kunakili ni bora karibu kila mara, na ndiyo maana zile 150 zitoke kwenye mfuko wa kikosi na si kwenye fungu lake. Wachawi wengi hulipa wenyewe kimya kimya, halafu huwa maskini kuliko wote mezani.

Kifo, kutokuwepo, kuondoka

Mchezaji asipokuja, vifaa vyake vya kutumika vikaisha havigusiki, na chaji zake haziguswi isipokuwa alituma ujumbe wa ruhusa. Vya kudumu visivyofungamana vinaweza kuazimwa na kurudishwa kikao hichohicho.

Mhusika akifa na kurudishwa ndani ya dakika moja, mifungamano yake yote imeshakatika. Watu husahau hili kabisa. Mwenye vifaa vitatu anahitaji mapumziko mafupi matatu, saa 3, kabla hajawa yule wa jana. Ile pete inayombeba haimbebi, na yeye anakimbilia vitani akidhani inambeba. Mtunza mali afute mfungamano kwenye daftari papo hapo.

Akifa moja kwa moja, tatizo ni la hesabu. Mchezaji analeta mhusika mpya, mwendesha mchezo anampa vifaa vya kuanzia vinavyolingana na kiwango cha kikosi, na vya marehemu vimebaki kwa wenzake. Vifo viwili vya namna hiyo na kikosi cha wanne kina vifaa vya watu sita. Mapambano yanakuwa mepesi, mwendesha mchezo anaongeza maadui, na hakuna anayejua kwa nini. Chagueni moja: mhusika mpya arithi vya marehemu na asije na chake, au aje navyo na vya marehemu vizikwe naye au vipelekwe kwao. Kikosi kinaweza kuombwa kibakize kimoja cha kumbukumbu.

Mchezaji akiacha mchezo kabisa, msigawane mbao siku hiyohiyo. Mhusika wake aondoke na vilivyoandikwa kuwa vyake, vilivyoandikwa "mali ya kikosi" vibaki. Kama mstari wake kwenye daftari hauna neno lolote, aulizwe yeye kabla hajatoka kwenye kundi la WhatsApp.